Kwa Nini Bibi Hajibu "Poa"

Tuanze na gari. Jumamosi moja ya mwezi wa tatu tulikuwa gerejini Smithfield, nyumbani kwa mwenzetu, ambako chama chetu hukutana siku ambazo vyumba vya chuo vimefungwa. Binamu yake akafika na gari alilolinunua kwa mtu wa tatu au wa nne: rangi mpya, magurudumu ya kung'aa, na bomba la moshi linalonguruma hadi majirani Waashuri wa ng'ambo ya barabara wakachungulia dirishani. Sote tukatamka kwa pamoja maneno ambayo kijana yeyote wa magharibi ya Sydney angeyatamka: "fully sick".

Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akichambua maharage. Akauliza wamesema nini. Mjukuu wake akamtafsiria neno kwa neno, kwa utani: "Wanasema gari linaumwa kabisa, Bibi."

Bibi akalisikiliza kidogo. "Hata mimi nimesikia. Lipelekeni kwa fundi."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu, lakini yeye hakuwa amemaliza. "Na nyinyi mkiulizwa hali mnajibu 'poa'. Kitu kizuri kinaumwa, mtu mzima amepoa kama chai iliyosahaulika mezani. Nani aliwafundisha?"

Hapo kicheko kikakatika, kwa sababu hatukuwa na jibu. Mwenzetu aliyezaliwa Nairobi akasema jambo ni rahisi: poa ni tafsiri ya neno la Kimarekani "cool", basi. Mwingine, ambaye wazazi wake ni watu wa Tanga, akakataa katakata. Kwake Kiswahili hakikuhitaji kuvuka bahari kwenda kuulizia baridi. Ubishi ulichukua mchana mzima na nusu ya maharage. Mwishowe tukagawana kazi ya kutafuta, na haya ndiyo tuliyorudi nayo, pamoja na jambo moja ambalo hatukulitafuta, lililotupata kliniki.

Kwanza Marekani. Neno "cool" lenyewe ni kongwe katika Kiingereza. Kwa karne nyingi limemaanisha ubaridi usiozidi, na pia utulivu wa mtu asiyepandwa upesi na hasira. Hapo hakuna cha kushangaza. Sisi nasi tuna mtu mpole. Kilichotokea Marekani ni kwamba Wamarekani Weusi walilichukua wakaligeuza kuwa sifa, neno la kukisifia kitu kilichokukosha. Mfano wa mapema unaotajwa sana umo katika hadithi fupi ya Zora Neale Hurston, "The Gilded Six-Bits", iliyochapishwa mwaka 1933. Baada ya hapo wakalibeba wanamuziki wa jazi. Anayetajwa zaidi ni Lester Young, mpiga saksofoni wa bendi ya Count Basie, mtu aliyekuwa na misemo yake mwenyewe kiasi cha wageni kushindwa kumfuata akizungumza. Charlie Parker alirekodi "Cool Blues" mwaka 1947. Miles Davis na wenzake walirekodi mwaka 1949 na 1950 vipande ambavyo mwaka 1957 vilikusanywa katika albamu iitwayo "Birth of the Cool".

Lakini tusidhani ni suala la mtindo wa kofia tu. Mwanamuziki Mweusi wa wakati ule aliweza kulazimishwa kupita mlango wa nyuma wa ukumbi ule ule ambao jina lake lilikuwa limeandikwa kwa taa mbele. Akionyesha hasira, ameumia yeye. Kwa hiyo kutulia kulikuwa ngao, na anayeimudu ngao hiyo alistahili kusifiwa. Ndiyo maana tunaliona neno hili kuwa la ajabu: ni neno la shauku linaloficha shauku. Unapenda kitu hadi unataka kuruka, kisha unasema kina ubaridi.

Mwaka 1973 mtaalamu wa sanaa Robert Farris Thompson aliandika makala, "An Aesthetic of the Cool", akieleza kwamba mizizi ya tabia hiyo iko Afrika Magharibi. Alitaja hasa Wayoruba na neno lao "itutu", ubaridi ambao kwao ni uzuri wa tabia na pia wa sanamu. Mwenzetu wa Tanga aliposoma hayo alitaka kutangaza ushindi siku ile ile. Tulimzuia. Wayoruba si Waswahili, na wengi wa waliovushwa Atlantiki kwa minyororo hawakutoka pwani yetu. Huwezi kuiunganisha Tanga na Chicago kwa sababu tu pande zote mbili zinapenda kivuli.

Sasa turudi nyumbani. Mtu wa Nairobi alikuwa na hoja moja ambayo hatukuweza kuivunja, nayo ni ya sarufi. Poa ni kitenzi. Chai inapoa, uji unapoa, hasira inapoa. Kitenzi cha Kiswahili hakitembei uchi. Kinavaa viambishi: imepoa, umepoa, zitapoa. Lakini poa ya vijana haivai kitu. Tunasema nguo poa, mwalimu poa, muziki poa, na wala hatuulizi ngeli. Imekuwa kivumishi kisichobadilika, sawasawa na "cool" ilivyo katika Kiingereza. Jaribu mwenyewe jikoni: chai iliyopoa ni ya kumwaga au kupasha tena, ila chai poa ni tamu, ina tangawizi, na ni ya moto. Neno moja limegawanyika mara mbili, na upande wa pili una alama za vidole vya Mmarekani.

Wakati wenyewe pia unakubali. Tanzania iliishi miaka mingi na redio ya serikali peke yake. Vituo vya watu binafsi vilipoanza katika miaka ya 1990, Radio One ikiwa hewani tangu 1994, vijana wa Dar es Salaam wakapata mahali pa kujisikia wakizungumza kama wanavyozungumza vijiweni. Rapu ya Kimarekani ilikuwa imekwisha kufika kwa kaseti. Mmoja wa waliofungua njia, Saleh Jabir, alijulikana mwanzoni mwa muongo huo kwa kuigeuza "Ice Ice Baby" ya Vanilla Ice kuwa ya Kiswahili, na ukitazama jina la wimbo huo utaona kwamba barafu ilikuwa imetangulia. Pamoja na poa yakaja freshi na bomba, na kwa Wakenya fiti. Wapo wanaoongeza "poa kichizi kama ndizi", na wengine ndizi hiyo wanaiweka ndani ya friji kabisa. Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling walichapisha mwaka 2006, katika jarida la Swahili Forum, utafiti mrefu juu ya lugha ya mitaani ya Tanzania pamoja na orodha ya maneno yake. Anayedhani misimu ni uvivu wa vijana auangalie. Kuna ufundi mwingi mle kuliko katika insha zetu za muhula wa kwanza.

Basi mtu wa Nairobi ameshinda? Nusu. Maana kuna maneno mengi ya Kimarekani yaliyopita Dar es Salaam na Nairobi bila kushushwa garini. Kwa nini hili likapata nyumba, na tena katika salamu?

Jibu tulilipata kwa Bibi mwenyewe, bila yeye kujua kwamba anatusaidia. Bibi ni Mrundi wa Rumonge, mji wa kando ya Ziwa Tanganyika, ambako Kiswahili ni cha soko na cha msikiti tangu zamani. Kisha aliishi miaka mingi katika kambi za wakimbizi mkoani Kigoma kabla ya kuletwa Australia. Kirundi chake na Kiswahili chake vimekaa kinywani kama majirani wanaokopeshana chumvi. Tuliandika maneno yake mawili mawili tukaona jambo. Kupa kwake ni guha. Kupita ni guhita. Kila penye p yetu, Kirundi kina h. Tena kukua ni gukura: palipokuwa na sauti katikati, Kiswahili kimeiangusha, Kirundi kimeitunza kama r. Sasa fanya hesabu hiyo kwa kupoa. Unapata guhora, na guhora ni kitenzi kizima cha Kirundi: chakula kupoa, mtu kunyamaza na kutulia.

Ukoo wake ni mkubwa. Mtoto akilia, Mrundi humwambia "ihorere", tulia, acha kulia. Kitu kikienda taratibu ni "buhoro buhoro", ndugu wa polepole yetu, na katika Kiganda ni "mpola mpola". Kwetu ile sauti iliyoanguka katika kupoa bado inasikika katika pole, mpole na upole. Na mkubwa wa ukoo wote, neno ambalo Warundi husalimiana nalo kila siku: amahoro. Amani. Mzizi ni ule ule.

Ndiyo kusema "cool" lilipofika na mkoba wake wa jazi na rapu, lilikuta kitanda kimetandikwa. Lugha zetu zilikuwa zimekwisha kukubali, tangu kabla ya mtu yeyote kupuliza saksofoni, kwamba ubaridi ni utulivu na utulivu ni uzima. Na salamu za Kiswahili zina tabia yake. Tazama tunavyojibu: sijambo, yaani sina jambo, hakuna neno, salama, shwari, kama bahari isiyo na upepo. Hatujisifu kwamba tuna raha. Tunakanusha balaa. (Waaustralia nao wana "no worries" yao, ambayo mzee yeyote wa Lamu angeielewa bila mwalimu.) Katika safu hiyo poa inakaa bila kusukumana na mtu. Kwa hiyo sifa, ile ya nguo poa, tumeipata Marekani. Jibu la salamu ni mwana wa nyumbani aliyerudi na nguo za kigeni.

Tulifurahi sana na ugunduzi huu. Tulikuwa tumeanza kuuandikia makala ya kuchekesha yenye picha ya ndizi. Kisha ikaja Jumatano ya kliniki.

Mmoja wetu alimpeleka Bibi kwa daktari kwa miadi ya kawaida ya sukari. Huwa anamkalimania mwenyewe, kwa sababu Bibi hapendi mtu asiyemjua asikie habari za mwili wake, hata kwa simu. Daktari, akiwa na faili mbele yake, akauliza mguu unaendeleaje, ule uliokuwa ukimsumbua. Mwenzetu akauliza. Bibi akajibu: "Huu wa kushoto umepoa tangu juzi usiku."

Mwenzetu akasikia poa. Akamwambia daktari kwamba mguu ni mzuri, tangu juzi usiku hauna tabu. Daktari akatabasamu, akaandika. Bibi hajui Kiingereza kingi, lakini anazijua nyuso, na uso ule haukulingana na alichokisema. Akaushika mkono wa mjukuu wake akauweka juu ya mguu. Ulikuwa wa baridi. Si baridi ya sakafu ya kliniki. Mguu wa kulia ulikuwa na joto lake kama kawaida. Vidole vya kushoto vilikuwa vimebadilika rangi, na alipovibonyeza Bibi hakushtuka.

Siku hiyo hiyo alipelekwa hospitali. Mshipa wa damu ulikuwa umeziba. Uliwahiwa, ukafunguliwa, na leo anatembea, ingawa anapanda ngazi kwa kulalamika. Mwenzetu hakuja chamani wiki mbili. Alipokuja alisema jambo moja tu: "Nilisikia neno, sikusikia lile 'ume-' la mbele."

Tumelizungumza sana hilo gerejini, na tunaliandika hapa kwa ruhusa yake. Sote tumekulia hapa. Kiswahili chetu wengi wetu tumekipata nusu kwa wazazi na nusu kwenye nyimbo na simu, na nusu ya pili ndiyo tunayoitumia zaidi kwa sababu ndiyo inayotufanya tujisikie vijana. Kwetu poa ya kwanza kichwani ni ya salamu. Kwa Bibi poa ya kwanza ni ya chakula na ya mwili. Kwake inaweza kuwa habari njema, homa ikipoa, na inaweza kuwa habari mbaya kabisa. Biashara iliyopoa haina wateja. Mtu aliyepoa ghafla anaulizwa ana nini. Na kitenzi kinachokaa jirani, kupooza, ndicho tunachotaja kiharusi kwacho. Ubaridi una pande mbili, na sisi tulikuwa tumejifunza upande mmoja.

Jambo la vitendo, kwa wasomaji wanaowapeleka wazee wao kwa daktari: Australia ina huduma ya ukalimani kwa simu tangu mwaka 1973, na TIS National inayoiendesha siku hizi ina wakalimani wa Kiswahili na Kirundi. Mwombeni daktari apige. Ana laini yake. Wazee wakikataa kwa ajili ya siri, waambieni kwamba mkalimani amefungwa na kiapo cha kazi yake, na kwamba mjukuu hakuapa chochote.

Tumalizie la gari, maana tuliahidi. Tulitaka kumwambia Bibi kwamba "sick" ni wazimu wa Waingereza na kwamba Kiswahili kina akili zaidi. Hatukuweza. "Sick" kwa maana ya kusifia ilisikika kwa vijana wa Marekani katika miaka ya 1980, miongoni mwao watelezaji wa mawimbi na wa ubao wa magurudumu. Hapa Sydney watoto wa wahamiaji wa magharibi ya mji, hasa wenye asili ya Lebanoni, waliiongezea "fully" wakaifanya yao, mpaka vichekesho vya "Pizza" vilivyoanza SBS mwaka 2000 vikaicheka mbele ya nchi nzima. Lakini Dar es Salaam je? Mwanamuziki mzuri ni mkali. Goli zuri ni hatari, ni noma, ni balaa. Sherehe inaitwa ya moto, na palikuwa na kundi zima la Bongo Fleva lililojiita Yamoto Band. Hata ile poa yenyewe, tukitaka kuizidisha, tunasema poa kichizi, yaani kwa uchizi. Kila mahali kijana akikosa neno la kutosha kwa furaha yake hukimbilia kwenye maradhi na hatari. Gari la binamu, tuseme ukweli, lilikwenda kwa fundi baada ya wiki mbili. Sikio la Bibi halikukosea.

Alipotoka hospitali tulimpelekea matokeo yetu. Tulimsalimu kwa shikamoo kama inavyopasa, akaitikia marahaba, tukakaa. Mwenzetu wa Nairobi akamweleza habari ya guhora na kupoa, p na h, r iliyoanguka, na kwamba yeye Bibi akijibu "amahoro" miaka yote hiyo alikuwa akijibu neno la ukoo mmoja na poa yetu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, jambo ambalo si la kawaida.

"Ni ndugu," akasema. "Ila mmoja anavua viatu mlangoni."

Kisha akatupangia. Sisi kwa sisi tuseme tunavyotaka. Kwake, mtu akiulizwa hali ajibu sijambo au nzuri, na akitaka kumfurahisha aseme amahoro. Poa anairuhusu kwa chai, lakini iwe na "ime-" mbele, ili ajue kama anapaswa kuipasha.

Tunakusanya majibu ya salamu kutoka nyumba za wanachama: Bukavu, Lubumbashi, Mombasa, Zanzibar, Muscat, popote familia yako ilikopitia. Andika neno, andika nani hulitumia kwa nani, na nani hukasirika akiambiwa. Lete Jumamosi gerejini. Kazi ya kuchambua maharage ni ya zamu, na zamu ijayo ni ya wale wa mwaka wa kwanza.